Alama zilikuwa zinapotelea wapi? Kisa cha binti mmoja na mtihani wa kalkulasi

Mwishoni mwa Januari 2025, familia moja ya Kikongo hapa Dayton, Ohio, ilikuwa imeshalipia saa nane za tuisheni ya kalkulasi (tawi la hesabu linalochunguza kasi ya mabadiliko) kwa dola 75 kila saa, na kituo kilikuwa kinawadai wakamilishe malipo ya saa thelathini. Binti yao alikuwa darasa la kumi na mbili. Alikuwa amefanya mtihani wa majaribio shuleni na kupata 2, katika kipimo kinachoanzia 1 na kuishia 5. Mtihani wenyewe, uitwao AP Calculus AB, ulikuwa ufanyike Jumatatu, Mei 12. Mama yake aliponiona baada ya ibada aliniuliza: "Mwalimu, huyu mutoto anasoma mpaka usiku wa manane. Sasa shida iko wapi?"

Wazazi wengi huuliza mtoto afundishwe nini zaidi. Huyu aliuliza shida iko wapi, na ndiyo maana nimeona kisa chao kinafaa kuchambuliwa. Jibu halikuwa pale pesa zao zilipokuwa zinakwenda. Majina nimeyaacha, na kituo cha tuisheni nakiita kituo tu.

Mtihani wenyewe

Kwa msomaji aliyepitia kidato cha tano na sita Tanzania au Uganda, chukua kalkulasi ya hesabu za juu, iondoe kwenye takwimu, vekta na mengineyo, kisha ifanye somo zima la mwaka mmoja. Hiyo ndiyo AP Calculus AB. AP, yaani Advanced Placement, ni masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari. Mtihani wake hutungwa na College Board, shirika lilelile la mtihani wa SAT wa kuombea nafasi chuoni, na hufanywa kila Mei. Ada yake mwaka huo ilikuwa dola 99, na familia yenye kipato kidogo hupunguziwa. Kuna ndugu yake mkubwa, BC, anayeongeza mfululizo usio na mwisho na mambo mengine, hatuhusu hapa.

Mtihani huchukua saa tatu na robo. Kwanza maswali 45 ya kuchagua: 30 bila kikokotozi kwa dakika 60, halafu 15 kwa kikokotozi kwa dakika 45. Kisha maswali sita ya kujieleza: mawili kwa kikokotozi kwa dakika 30, manne bila kikokotozi kwa dakika 60. Nusu ya alama inatoka kwenye maswali ya kuchagua, nusu kwenye yale sita, na kila moja kati ya sita lina alama 9. Ukikosea swali la kuchagua hukatwi kitu. Mwaka 2025 ndio ulikuwa wa kwanza kwa maswali kusomwa kwenye kompyuta kwa programu ya Bluebook, yenye kikokotozi cha grafu cha Desmos ndani yake, huku majibu ya kujieleza yakiendelea kuandikwa kwa mkono kwenye kijitabu.

Jambo moja kuhusu kipimo hiki huwashangaza wenzangu waliozoea A ya kidato cha sita Tanzania inayoanzia 80. Kwa mitihani ya AP Calculus iliyowahi kutolewa hadharani pamoja na jedwali lake la alama, mtu aliyekusanya karibu theluthi mbili ya alama zote anakuwa jirani na 5. Kwa hiyo mtahiniwa anaweza kushindwa kabisa vipande vizima vya mtihani na bado akatoka na daraja zuri. Mwaka 2024, karibu theluthi mbili ya waliofanya AB walipata 3 au zaidi. Binti huyu alikuwa anasoma kama mtu anayetafuta 100, na kila swali lililomshinda lilimvunja moyo kwa siku nzima.

Alikotoka

Alizaliwa 2007, na hadi 2016 aliishi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Kigoma. Wazazi wake ni wa Fizi, mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka ule wa fedha wa 2016 Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote katika wakimbizi waliopokelewa Marekani, na familia yake ilikuwamo. Shule za Wakongo Nyarugusu hufuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, kwa hiyo sehemu na desimali alizianza kwa Kifaransa, ambako desimali huandikwa kwa mkato. Alipofika Ohio akawekwa darasa la umri wake, kwa Kiingereza ambacho hakuwa nacho.

Hilo aliliruka vizuri. Kilichomdhuru zaidi kilikuja baadaye, na sikukitegemea. Aljebra ya kwanza aliisoma darasa la nane, mwaka wa masomo 2020–21, mwaka wa korona. Aliisomea jikoni kwenye kompyuta ya shule, wadogo zake wawili wakiwa mezani hapohapo kwenye masomo yao, na yeye ndiye aliyekuwa anawasaidia kuingia kwenye vipindi vyao. Alifaulu, kwa sababu mwaka ule walimu hawakuwa na moyo wa kumfelisha mtu. Jiometria, aljebra ya pili na matayarisho ya kalkulasi yakafuata, kila moja likijengwa juu ya mwaka ambao haukukaa sawa.

Ratiba yake ya mwaka ule wa mtihani nayo isisahaulike. Jioni tatu kwa wiki alikuwa anafanya kazi duka la vyakula. Mama akienda kliniki, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Masomo yalianza saa nne usiku. Na usiku huo alikuwa anafanya nini? Anatazama video za mtu akikokotoa. Anaelewa kila hatua, anatikisa kichwa, anafungua video nyingine. Kumtazama mtu akipiga kasia hakukufundishi kupiga kasia, na watu wa Fizi hawahitaji kuelezwa hilo, lakini kwenye hesabu hata wao husahau.

Saa nane za kwanza

Sitaki kukisema vibaya kituo kuliko kinavyostahili. Walimpa jaribio la kumpima siku ya kwanza, wakaona 2, wakapanga ratiba: sehemu ya kwanza hadi ya nane za mtaala, kwa mfuatano, saa tatu na kitu kila sehemu. Mkufunzi alikuwa kijana wa chuo mwenye hesabu safi na subira. Saa nane zilipokwisha walikuwa wamemaliza vikomo (thamani ambayo funksheni inaikaribia) na mwanzo wa diferensiesheni, yaani kutafuta kasi ya badiliko.

Tatizo ni kwamba vikomo alikuwa anavijua. Nilimpa maswali kumi ya vikomo na mwendelezo kutoka kwenye mitihani ya zamani, akapata manane, na moja kati ya mawili aliyokosa lilikuwa kosa la kunakili. Katika mtihani sehemu hiyo ina uzito wa asilimia 10 hadi 12 tu ya maswali ya kuchagua. Sehemu ya tano na ya sita, yaani uchambuzi wa funksheni na kisha intigresheni (kutoka kwenye kasi kurudi kwenye kiasi), kwa pamoja hubeba karibu theluthi moja au zaidi kidogo, na kwa mwendo ule wangezifikia Machi, pesa zikiwa ukingoni.

Jaribio lao lilikuwa limetoa namba moja. Namba 2 inakwambia mtoto yuko chini, haikwambii amedondokea wapi. Na anayeuza saa hana haraka ya kujua, maana akijua huenda saa zikapungua. Si lazima awe mwizi kwa hilo. Mpango umeundwa hivyo. Niliwashauri wasilipe zilizobaki mpaka tuone karatasi zake.

Kilichokuwa kwenye karatasi

Mitihani ya darasani haitoki shuleni. Mwalimu wake wa kalkulasi, mama mwenye moyo mzuri kuliko ratiba yake inavyomruhusu, alimkubalia aipitie yote tangu Septemba chumbani mwake saa ya chakula na kuandika makosa yake kwenye daftari: alichoandika yeye upande wa kushoto, kilichotakiwa upande wa kulia, bila maelezo. Daftari hilo ndilo lililotatua kisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kulisoma.

Nilitegemea kukuta kalkulasi mbovu. Nikakuta hivi.

Kulikuwa na swali la kudiferensieti 5 juu ya 3x². Yeye aliandika kwanza 15x⁻², akapata −30x⁻³. Kanuni ya kalkulasi ameitumia sawasawa: kipeo kimeshuka mbele, kikapunguzwa moja. Kosa liko kabla ya kalkulasi kuanza. Ile 3 ilikuwa kwenye asili ya sehemu, na alipoipandisha x juu akaipandisha na 3, ikawa inazidisha badala ya kugawanya. Jibu ni −10 juu ya 3x³. Kosa hilohilo, likiwa limevaa nguo tofauti, lilijirudia kurasa nne tofauti, na kila mara msahihishaji alikuwa ameandika tu alama ya kosa, naye kila mara akaenda kurudia video ya diferensiesheni.

La pili nalipenda zaidi, kwa maana ya kitaaluma. Mlinganyo: kasi ya badiliko la y ni 2y, na y ni 3 pale x ikiwa 0. Alitenganisha y upande mmoja na x upande mwingine, akafanya intigresheni, akafika kwenye logi ya y sawa na 2x + C. Safi hadi hapo. Kisha akaondoa logi hivi: y = e²ˣ + eᶜ. Alipaswa kuzidisha, siyo kujumlisha. Akaweka x = 0, akapata kwamba eᶜ ni 2, akajibu y = e²ˣ + 2. Halafu, kama alivyofundishwa, akahakiki: ukiweka 0 unapata 1 + 2, ambayo ni 3. Akaridhika na kuendelea. Jibu sahihi ni 3e²ˣ, nalo pia linatoa 3 kwenye 0. Uhakiki wake ulikuwa unapima sharti la mwanzo tu. Haukuugusa mlinganyo wenyewe. Angelirudisha jibu lake kwenye swali angeona upande mmoja unatoa 2e²ˣ na mwingine 2e²ˣ + 4.

Hapa ndipo mtu anapotakiwa kuwa mwangalifu na neno "anajua". Binti huyu anajua milinganyo ya aina hii. Asichokuwa nacho ni sheria za vipeo zikiwa mkononi, na desturi ya kuuliza jibu lake swali linalostahili.

Nilipoyapanga makosa yote, karibu nusu yalikuwa ya namna hii: sehemu, vipeo, logi, thamani za sini na kosini ambazo sehemu isiyo na kikokotozi inazitaka kichwani. Fungu lililofuata lilikuwa la kusoma swali, nalo nalieleza hapa chini kwa mfano wa samaki. Fungu la tatu lilikuwa la kutoa sababu. Makosa ya kalkulasi yenyewe, ya mtu asiyejua kanuni, yalikuwa machache kiasi kwamba wiki mbili zingeyatosha.

Samaki wa 2019

College Board huweka hadharani maswali ya kujieleza ya kila mwaka, pamoja na mwongozo wa usahihishaji na mifano ya majibu ya wanafunzi yenye alama zake. Hazina hiyo ni bure na mtu yeyote anaifungua. Nilimpa swali la kwanza la 2019. Samaki wanaingia ziwani kwa kasi ya 20 + 15 sin(πt/6) kwa saa, na wanatoka kwa kasi ya 4 + 2 yenye kipeo cha 0.1t². Muda t unahesabiwa kwa saa tangu saa sita usiku.

Swali la kwanza: samaki wangapi wameingia katika saa tano? Alijua ni intigresheni. Alibonyeza, akapata 102. Jibu ni 153. Kikokotozi chake cha kuazima kilikuwa kimebaki kwenye digrii tangu kipindi cha fizikia, na kalkulasi huendeshwa kwa radiani, kipimo kingine cha pembe. Kosa la sekunde moja, lakini ingekuwa siku ya mtihani lingemfuata kila palipo na sini.

Swali linaloulizia ni saa ngapi samaki ziwani ni wengi zaidi kati ya 0 na 8 ndilo lililofichua shida ya kusoma. Alitafuta pale ambapo kasi ya kuingia iko juu kabisa, akajibu t = 3. Ni jibu la swali jingine. Samaki wanaendelea kuongezeka mradi wanaoingia ni wengi kuliko wanaotoka, hata kama kasi ya kuingia imeanza kupungua; kilele kinafikiwa kasi mbili zinapolingana, kama t = 6.204. Nilimwachia hesabu nikamuuliza kama mtu wa ziwani: wavuvi wakileta samaki sokoni kwa wingi asubuhi, kisha wakapungua lakini bado wanazidi wanunuzi, rundo linakua au linapungua? Akajibu kabla sijamaliza. Hapo alikuwa anatofautisha kiasi na kasi bila kufundishwa. Kwenye karatasi ya Kiingereza, yenye alama za E(t) kwa kasi ya kuingia na L(t) kwa kasi ya kutoka, tofauti hiyo ilikuwa inapotea.

Tukaweka utaratibu: kabla ya kugusa kikokotozi, andika pembeni kila kitu kilichotolewa ni nini, kasi au kiasi, na kinachoulizwa ni nini, pamoja na vipimo vyake. "Samaki kwa saa" au "samaki". Ni maneno mawili ya penseli. Kwa maswali ya aina hii sijaona dawa nyingine inayoshinda hiyo.

Kisha sababu. Hata baada ya kupata 6.204, aliandika: "Kwa sababu inapanda halafu inashuka." Inapanda nini? Kasi ya kuingia? Idadi? Tofauti? Msahihishaji wa mtihani huu hakisii. Mwongozo unataka ama ulinganishe idadi kwenye ncha mbili za muda na pale katikati, ama useme wazi kwamba kabla ya hapo kuingia kunazidi kutoka, na baada ya hapo kutoka kunazidi kuingia. Jedwali la chanya na hasi peke yake halihesabiwi kuwa sababu, hata likiwa sahihi. Sentensi moja yenye kiima kinachoeleweka inaleta alama. Kurasa mbili za hesabu bila sentensi hiyo haziileti.

Mtoto aliyelelewa na lugha tatu hana upungufu wa kueleza. Alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba hesabu hii inasahihishwa kama insha fupi.

Tulivyofanya

Tulianza na deni la aljebra, na hapa tulivutana. Yeye aliona ni kurudishwa darasa la nane wakati wenzake wanafanya karatasi za mtihani. Nilimwonyesha ukurasa wa daftari lake na kumwomba ahesabu alama ambazo angepata kama sehemu na vipeo vingekuwa sawa. Alihesabu mwenyewe, akanyamaza, akakubali dakika ishirini kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Mazoezi tuliyachukua kwenye tovuti ya masomo ya Khan Academy, bila malipo: vipeo, sehemu zenye herufi, logi, pembe maalumu za trigonometria. Video zilipigwa marufuku. Maswali tu, na penseli.

Jumamosi mchana, baada ya mazoezi ya kwaya, tulikaa pamoja kwenye maktaba ya umma. Sikumkokotolea swali hata moja. Hilo ni sharti ninaloliweka na wazazi mapema, kwa sababu wakipita na kuona mwalimu amekaa kimya na mtoto anahangaika, hudhani hakuna kinachofanyika. Anafanya swali moja la kujieleza kwa dakika 15, muda halisi wa mtihani. Saa ikigonga anaweka penseli chini, anachukua kalamu nyekundu na mwongozo wa usahihishaji, anajisahihisha. Mimi nasahihisha nakala yangu kando. Kisha tunalinganisha. Mwanzoni alikuwa anajipa alama mbili au tatu zaidi ya ninazompa, kila swali. Kufikia Aprili tofauti ilikuwa imekwisha. Kwangu hicho kilikuwa kipimo cha maana kuliko alama zenyewe: anaijua sasa sura ya jibu linalokubalika.

Kujisahihisha kulimfundisha mambo ambayo nisingeweza kuyaingiza kwa kuyasema. Kwamba kwenye mlinganyo wa kutenganisha, asiyetenganisha y na x hapati chochote katika kipengele hicho, na aliyesahau ile C anasimamishwa njiani hata kama hatua zilizobaki ni nzuri. Kwamba jibu la kikokotozi linatakiwa kuwa sahihi hadi desimali tatu na intigresheni iandikwe kabla ya jibu. Kwamba jibu la namba halina haja ya kurahisishwa. Akiiacha 4/3 + 7/2 ilivyo, alama ni yake. Hili la mwisho liliokoa muda mwingi, kwani ndiye yuleyule ambaye sehemu zilikuwa zinamwangusha. Alikuwa anapata jibu sahihi kisha analiharibu kwa kulipamba.

Jingine lilihusu jedwali. Maswali ya jedwali huja na vipindi visivyolingana, mathalani dakika 0, 2, 5, 9. Yeye alikuwa na fomula ya trapeza aliyoikariri kwa vipindi vinavyolingana, akaiweka popote. Tuliitupa fomula. Chora kila trapeza, tafuta eneo lake, jumlisha.

Kuna kitu tulikiacha kwa makusudi. Ujazo wa maumbo yenye mkato wa mraba au nusu duara ulikuwa bado unamchanganya mwezi wa nne, na wiki zilikuwa zinakwisha. Kwa mtihani ambao theluthi mbili zinakufikisha mbali, niliona ni afadhali alale. Mwalimu wake wa shule hakukubaliana nami, na alikuwa na hoja.

Msaada usiolipiwa

Saa zilizobaki za kituo hazikulipwa. Badala yake alitumia vitu vitatu vilivyokuwepo tangu Septemba. Cha kwanza ni mwalimu wake mwenyewe, aliyekuwa chumbani nusu saa kabla ya masomo kila Jumanne na Alhamisi. Alikuwa haendi, kwa sababu hakujua aulize nini. "Sielewi" si swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa nusu saa. Daftari la makosa lilipokuwepo, alienda na ukurasa mmoja kila mara. Cha pili ni AP Classroom ya College Board, ambako mwalimu hufungua maswali ya mazoezi ya kila sehemu. Cha tatu ni schoolhouse.world, mradi ulioanzishwa 2020 na Sal Khan wa Khan Academy, ambako watu wa kujitolea hufundisha vikundi vidogo bure kwa video ya moja kwa moja. Ubora wake unategemea umeangukia kwa nani. Kikundi cha kwanza alichoingia kilikuwa mhadhara, akatoka. Cha pili kilikuwa na kijana wa jimbo jingine aliyewafanya wanafunzi waeleze wao, na huko ndiko Kiingereza chake cha kutoa sababu kilikonyooka.

Kikokotozi nacho. Familia ilikuwa imeambiwa inunue cha zaidi ya dola 100. Desmos ilikuwa tayari ndani ya Bluebook kwa sehemu zinazoruhusu kikokotozi, na unaweza kuizoea bila malipo kwenye kompyuta yoyote. Hawakununua.

Je, kulipia mwalimu ni kosa? Sioni hivyo. Kama daftari lingeonyesha mtoto asiyejua intigresheni kabisa, mkufunzi mzuri wa saa kumi angefanya kazi ambayo mimi wa Jumamosi nisingeiweza. Ila mzazi anapaswa kumuuliza kabla ya kulipa: umesoma karatasi zake ngapi? Kama jibu ni moja, ile ya siku ya kwanza, angoje.

Julai

Matokeo hutoka mwanzoni mwa Julai. Alipata 4.

Siwezi kuligawa hilo 4 na kusema kipande hiki ni cha nani. Mwalimu wake alikuwa amefundisha mwaka mzima, na bila huyo hakuna daftari wala makosa ya kusahihisha. Kuanzia Machi meneja wa dukani alimpunguzia jioni moja, na usingizi ukaongezeka. Hilo nalihesabu kwa uzito. Kijana wa kituo pia alimpa kitu, kwani binti anasema ndiye wa kwanza kumwambia kwamba hesabu yake ni ya mtu mwenye akili.

Vyuo vya umma vya Ohio hutambua matokeo ya AP kuanzia 3, kwa hiyo chuo kilichompokea kusomea uhandisi wa umeme kilimpa kalkulasi ya kwanza kama somo alilokwisha kulifaulu. Hapo pakazuka mjadala mwingine. Mama aliona ada ya somo zima imeokolewa, na hakuona kwa nini tuendelee kuzungumza. Mshauri wa chuo alipendekeza arudie kalkulasi ya kwanza, apate A ya urahisi na msingi imara. Mimi nilipendekeza achukue mtihani wa mwisho wa somo hilo wa miaka iliyopita, ambao idara ilikuwa imeuweka wazi, aufanye kwa muda wake kamili, ajisahihishe kwa kalamu nyekundu, kisha aamue mwenyewe.

Aliufanya Agosti. Alichopoteza zaidi ni ile mikato ya ujazo tuliyoiacha. Alijifunza wiki mbili peke yake, akajiandikisha kalkulasi ya pili. Mwalimu wake wa zamani alipopata habari hizo alinitumia ujumbe mfupi kunikumbusha ni nani aliyesema isiachwe.